Jirani wa Ukuta na Mashine ya Kupima Uongo

Jirani yangu wa ukuta hakuwa mtu wa kukuambia umepika vizuri kama hukupika vizuri. Mara ya kwanza kumkaribisha kwangu Woodbridge, Virginia, huku Marekani, nilimwandalia chapati, nikiwa na hakika kwamba Mtanzania yeyote akionja chapati ya mwanamke wa Nakuru ataomba kufundishwa. Alikula nusu, akanywa chai yote, akafuta vidole, akasema, "Chai yako nzuri. Hizi chapati uwape wenye meno yao." Nilinuna wiki nzima. Baadaye nikamzoea, na mwisho nikawa simtafuti mtu mwingine nikitaka kujua kama gauni limenikaa au kama binti yangu kweli anaimba vizuri kanisani, maana wengine wote walinidanganya kwa mapenzi.

Namwita jirani wa ukuta kwa sababu nyumba zetu zilishikana. Kati yake na mimi palikuwa na ukuta mmoja mwembamba wa mbao na jasi, na kwa miaka mingi tuliishi kama watu waliotengwa kwa pazia. Nilijua anapokaanga vitunguu, anapomgombeza mumewe, anaposali. Akinihitaji hakupiga simu, aligonga ukuta kwa mwiko, nami nikatoka. Jina lake nalijua lakini sitaliandika, kwa kuwa lilishatajwa vya kutosha na watu wasiomjua. Wanaolikumbuka hulikumbuka kwa jambo moja tu, kwamba mtoto wake alipotea, na yeye alipofungwa kwenye mashine ya kupima uongo, mashine ikasema anadanganya. Mimi nina mengine ya kusema, ingawa najua hayatamrudisha mtoto.

Tulitaniana kuhusu Kiswahili tangu siku ya kwanza. Mimi nikigonga mlango wake na kuuliza, "Mama, uko na chumvi kidogo?" yeye alisimama pale na mikono kiunoni. "'Uko na' ndiyo nini? Mimi nina chumvi, wala siko nayo. Nyie Wakenya mnaongea Kiswahili kama mnafukuzwa." Kisha alinipa chumvi, na ndimu juu yake. Nilimwambia kwamba wao Watanzania huanza salamu leo na kuzimaliza kesho, ndiyo maana hawafiki kazini mapema. Alicheka hadi akakaa kwenye ngazi. Alikuwa na kicheko kikubwa kwa mwanamke mwembamba vile.

Ukweli wake ulikuwa unamgharimu, na hakuonekana kujali. Kwenye matanga ya jamaa mmoja kule Springfield, kila aliyesimama alimsifu marehemu hadi tukadhani tunamzika mtume. Yeye alipopewa nafasi alisema, "Marehemu tulijuana. Alikuwa mkorofi, na alikuwa fundi mzuri wa magari. Mungu amsamehe la kwanza, amlipe la pili." Akakaa. Watu waliangalia sakafu. Mjane aliniambia baadaye kwamba siku nzima ile, hayo ndiyo maneno pekee yaliyomhusu mumewe.

Siku nyingine aligusa gari la mtu kwenye maegesho ya duka, mkwaruzo ambao ungehitaji miwani kuuona. Mimi nilikuwa naye, baridi inauma, nikamwambia twende zetu. Alikataa. Nikamwambia basi aache kikaratasi chenye namba ya simu. Akasema karatasi hupeperuka. Tulisimama pale hadi mwenye gari akatoka na mikoba yake, na baada ya kusikiliza maelezo yote yule mzungu alicheka, akasema hata mlango wa pili una mikwaruzo mibaya zaidi. Jirani yangu alirudi nyumbani ameridhika, mimi pua imekufa ganzi.

Mumewe alikuwa kinyume chake kabisa. Kazi yake ilikuwa kuegesha magari ya wageni katika hoteli moja Alexandria, mji wa jirani, na hakuna jioni aliyorudi bila kisa. Leo ameendesha gari la seneta, kesho balozi fulani amemkumbatia na kumwita ndugu. "Yule," jirani alikuwa akisema, "akikuambia mvua inanyesha, toa mkono nje kwanza." Alimpenda hivyo hivyo, na visa vyenyewe alivisikiliza hadi mwisho.

Lakini pia alikuwa mwongo, na hili nalisema kwa sababu yeye mwenyewe alilisema. Alifanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee waliopoteza kumbukumbu. Kulikuwa na bibi mmoja aliyeuliza kila siku mumewe yuko wapi, na mumewe alikuwa amekufa zamani. Wafanyakazi wapya walimwambia ukweli, na kila siku bibi yule alipokea msiba upya, analia kama ndiyo kwanza ameletewa habari. Jirani yangu alimshika mkono na kumwambia, "Yupo kazini, mama. Atarudi jioni." Bibi akatulia, akala.

Nilimchokoza siku moja. Nikamuuliza, mbona wewe mwenye kisirani na chapati zangu unamdanganya bibi wa watu? Hakuudhika. "Ile ni dawa," alisema. "Uongo ni ule unaomfaidi anayeusema. Mimi nikimwambia mumewe anakuja, nafaidi nini? Napata tu mtu aliyekula." Nilimwambia wahubiri hawatakubaliana naye. Akasema wahubiri waje wafanye zamu yake.

Na alikuwa mama. Hilo lingekuja mwanzo kama ningekuwa naandika kwa mpangilio, kwa sababu mengine yote aliyafanya huku jicho moja likimwangalia Tunu. Tunu alikuwa mtoto wao wa pekee. Nilimfahamu tangu ana mapengo ya meno, akilingana na binti yangu mwaka kwa mwaka. Kama watoto wetu wote wa huku, alielewa Kiswahili chote na kukijibu kwa Kiingereza.

"Tunu, umekula?"

"I'm good, Ma."

"Sijakuuliza kama u mzima. Nimeuliza kama umekula."

"Ma. Yes. I ate."

Alimsuka nywele kila Jumapili, na Tunu alipofika umri wa kuona aibu kusukwa na mama, walipatana kwamba atasukwa lakini mlango ufungwe. Kupitia ukutani nilisikia wakibishana kuhusu chanuo. Sijui kama kuna sauti niliyoipenda zaidi katika nyumba ile.

Tulikuwa tunachambua maharage jikoni kwake aliponiambia. Hakuna nililomuuliza. Alisema tu kwamba mdogo wake alikufa siku chache baada ya kujifungua, na mtoto aliyeachwa ndiye Tunu. Alimchukua akiwa bado hajakauka kitovu. Taratibu za kumfanya wake mbele ya sheria alizifuata zote, nyumbani na huku, na hapakuwa na jambo la kuficha kwa serikali yoyote. Aliyekuwa hajui ni Tunu peke yake.

"Kwetu hili si jambo la kusimulia," alisema. "Mama mkubwa ni mama. Mtoto haitwi yatima na mimi nipo. Mdogo wangu alinishika hapa," akagusa kiwiko, "akaniambia, asikue akijiona mgeni. Nikamwambia hatajiona. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na kazi ile nimeifanya."

"Na utamwambia lini?"

"Akimaliza shule. Nitamkalisha nimwambie mimi, kwa mdomo wangu. Asisikie kwa mtu."

Kwetu pia tunafanya hivyo. Nina binamu niliyemwita dada hadi nilipokuwa mtu mzima, na hakuna aliyefikiri amenidanganya. Sikuona kitu cha ajabu. Tulimaliza maharage, tukayabandika.

Tunu alipotea akiwa na miaka kumi na mitano. Ilikuwa asubuhi ya shule, wakati miti ya mtaani kwetu imeanza kutoa maua. Aliondoka na begi lake, shuleni hakufika, na simu yake ikazimwa. Jioni iliyotangulia walikuwa wamegombana kuhusu hiyo simu. Mpelelezi wa polisi aliponiuliza nilisikia nini kupitia ukutani, nilimwambia nilisikia kinachosikika katika kila nyumba yenye msichana wa miaka kumi na mitano.

Mtu mmoja alikuwa amemwona. Kuna Mkongo wa mtaani kwetu anayeendesha teksi, tuliyezoea kumwita Papa, na yeye alikwenda kwa mpelelezi siku iliyofuata bila kuitwa. "Nilimuona na macho yangu," alituambia sote sebuleni kwa jirani. "Alikuwa na sac yake ya bleu ku mugongo. Akapanda bus yenye kwenda Springfield. Hakukuwa mutu mwenye kumukamata mukono." Mpelelezi aliyaandika hayo, akamshukuru. Basi lile lilikuwa na kamera, kama mabasi yote. Sisi tulikaa tukingoja kuambiwa kamera imeonyesha nini.

Badala yake mpelelezi alirudi na ombi. Alikuwa mtu wa upole, wala sitamfanya shetani hapa. Alikubali chai, akavua viatu mlangoni alipoona sisi wengine tumevua. Alieleza kwamba mtoto akipotea huanza na walio karibu, ni kawaida, na kwamba kuna kipimo cha hiari, wazazi wakipita tu, nguvu zote zitaelekezwa nje. "It's just to clear you," alisema, akimgusa mume wa jirani begani.

Alipotoka, Papa alisimama. "Mama, usiendake kule pasipo avocat. Ile machine haina akili. Inasikiaka roho inapiga, lakini haijue inapiga juu ya nini."

"Papa, wakili wa nini? Mimi niogope mashine?" jirani alijibu. "Anayeogopa kupimwa ana cha kuficha. Na kila saa ninayobishana nao ni saa hawamtafuti mwanangu."

Hakuna aliyempinga. Tulikuwa tumejaa sebuleni, Wakenya na Watanzania, wa kanisani na wa msikitini, na sote tuliona kwamba mama anayekataa kupimwa ataonekanaje. Kama kuna mwanamke wa kupita kipimo cha ukweli katika Virginia yote, tulisema, ni huyu. Mimi nilimpigia pasi blauzi. Watu walimsindikiza hadi kwenye gari kama anayekwenda kupokea cheti.

Mumewe alitangulia. Akapita. Mtu aliyewahi kutuambia kwamba seneta alimwomba ushauri alitoka mle chumbani amesafishwa, ameambiwa asante.

Jirani alinieleza yake polepole, kwa vipande, katika miezi iliyofuata. Alifungwa mikanda kifuani ya kupima pumzi, mkono ukabanwa kama wa kupimwa presha, na vidole vikawekewa vibanio vya kusikiliza jasho. Mpimaji alimsomea maswali yote kabla ya kuanza, ili kusiwe na la kumshtua. Moja lilikuwa hili: umewahi kumdanganya mtu aliyekuamini?

Nimekuja kuelewa baadaye kwamba swali hilo huwekwa kwa makusudi. Kila mtu amewahi kudanganya, na mpimaji anajua. Anachotaka ni ujibu hapana huku moyo ukikusuta kidogo, halafu alinganishe msuto huo na ule wa swali kubwa. Kwa hiyo anayejisingizia usafi anaisaidia mashine. Jirani yangu alijibu, "Ndiyo. Kila siku. Kazini." Mpimaji akashangaa, akaandika swali upya: mbali na kazini? "Ndiyo pia. Mdogo wangu alipokuwa anakufa nilimwambia atapona." Akaandika tena: mbali na hayo mawili? Hapo ndipo aliposema hapana, na ilikuwa hapana safi, haina doa, haikumtikisa hata kidogo. Kwa namna alivyonielezea, nadhani ndipo alipopotelea, kwa kusema kweli kupita kiasi ambacho mashine inakitarajia.

Kisha yakaja maswali mepesi, ya kuuacha mwili utulie. Jina lako ni fulani? Ndiyo. Unaishi Woodbridge? Ndiyo. Wewe ni mama wa Tunu?

"Nikasema ndiyo," aliniambia. "Na ni ndiyo. Lakini hapo hapo nikamwona mdogo wangu kitandani. Nikafikiri, wakijua hawa, wataliweka kwenye televisheni, na mwanangu huko aliko atalisikia kwa watu. Moyo ukaanza kwenda mbio. Nikawa nauambia utulie, hautulii. Na yeye akauliza lile jingine moyo bado unakimbia."

Lile jingine lilikuwa: unajua Tunu yuko wapi?

Alisema hapana.

Mpimaji alimfungua vibanio, akasogeza kiti karibu, na kwa sauti ya daktari akamwambia kwamba sasa ni wakati wa kuwasaidia, kwa sababu mashine inaonyesha anajua mtoto aliko. Jirani yangu, akiwa ni yeye, aliona kwamba kuna kitu hakikukaa sawa na dawa yake ni kukisema. Akawaeleza habari ya mdogo wake yote. Aliamini kwamba ukweli ukishatoka, mambo yatanyooka. Ndivyo alivyoishi maisha yake yote, na ndivyo alivyojiangamiza katika chumba kile. Kwao ilisikika kwamba mwanamke huyu amedanganya swali jepesi kuliko yote, kwamba kumbe si mama, kwamba ni aunt fulani aliyeachiwa mtoto wa watu. Hakukuwa na namna ya kuwaeleza. Nilijaribu mwenyewe na mpelelezi, nikamwambia kwetu mtu haulizwi nani alimzaa, anaulizwa nani alimlea. Alinisikiliza vizuri, akaandika, na nilipoona anaandika nikajua ninaharibu zaidi.

Baada ya hapo utafutaji uligeukia nyumba. Polisi walileta mbwa uani. Walichukua gari. Walichimba penye tuta lake la mchicha, kwa sababu udongo ulikuwa umelimwa majuzi. Mimi nilisimama dirishani kwangu nikiwaangalia wakiweka miche ya mchicha kwenye mifuko. Papa alikwenda kwao mara ya pili kuuliza kuhusu basi, akaambiwa wanalishughulikia. Walipolishughulikia kweli, kamera za basi zilikuwa zimesharekodi picha nyingine juu ya zile za siku ile. Hakuna aliyefuta kwa ubaya. Ndivyo zinavyofanya zikikaa bila kuulizwa.

Hapa hasira hunipanda, na sijali ikionekana. Wakili mmoja aliniambia kwamba mahakama nyingi hazikubali majibu ya mashine ile kuwa ushahidi. Nikamuuliza, chombo ambacho hakimu hakiamini kwa mwizi wa kuku, kinaaminiwaje kwa mama aliyepotelewa? Alinyanyua mabega. Mashine ile haijawahi kusikia uongo. Inasikia mapigo, pumzi na jasho, basi, na mwenye kuisoma ndiye anayeweka neno. Na mzazi ambaye mtoto wake hajulikani aliko, ni moyo gani uliotulia alionao wa kwenda kupimiwa? Mzazi aliyeketi pale na mapigo yake yametulia, huyo ndiye ningetaka apimwe.

Habari zilivuja, kama zinavyovuja. Watu wale wale waliojaa sebuleni walianza kupita mbali. Lisemwalo lipo, walisema, kama halipo laja. Kwenye harusi moja alikuwa anapita na chupa ya chai, na mwanamke mmoja mezani akasema, wala hakupunguza sauti, "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi." Alisimama. Nilidhani atamjibu, na nilitamani amjibu, nilikuwa nimeshaweka sahani chini ili nimsaidie. Alifikiri kidogo, akasema, "Ni kweli," akaiweka ile chupa mezani mbele yao, akaenda kuchukua koti lake.

Hata binti yangu aliniuliza. Tulikuwa kwenye gari. "Mom, did she do something to Tunu?"

"Hapana."

"How do you know?"

"Najua tu."

"That's not an answer, Mom."

Na kweli haikuwa jibu.

Lililomvunja, nafikiri, halikutoka nje. Jioni moja nilisikia sauti ya mumewe ukutani, chini chini, si ile ya visa vyake. "Nieleze mimi tu," alisema. "Mimi peke yangu. Sitamwambia mtu." Nilingoja nisikie anavyomjibu. Nilisikia bomba la jikoni likifunguliwa, na maji yakaendelea kumwagika muda mrefu. Mume alihamia kwa kaka yake Ohio kabla ya mwaka kuisha. Walibaki wakipigiana simu. Simlaumu sana, maana naye alipotelewa na mtoto, na aliyepewa na serikali kibali cha kumshuku mkewe alikuwa yeye.

Kazini walimwomba apumzike hadi mambo yatulie, halafu wakamrudisha, kwa sababu wazee walikuwa hawali. Lakini alirudi mwingine. Yule bibi alimshika mkono, akamuuliza mumewe yuko wapi, na jirani yangu akasema, "Sijui, mama." Akarudia hivyo kesho yake. Alikuwa ameanza kuiogopa kila sentensi kabla haijatoka. Nikimuuliza kama gauni limenikaa, alisema hajui. Niliwahi kumpelekea chapati mbovu makusudi, nyingine mbichi katikati, nikakaa mbele yake nikisubiri anitukane. Alikula zote, akasema asante.

Mwenye nyumba alipouza ile nyumba ilimbidi ahame. Alipata chumba Alexandria, upande wa magharibi, karibu na kituo cha basi. Siku ya kuondoka alikuja kwangu, akaniagiza kama anayemwachia mtu mgonjwa. Tunu akirudi atagonga mlango ule anaoujua. Wapangaji wapya hawatamjua. "Wewe ndiye utamsikia. Usinipigie simu kwanza. Kwanza mshike, ndipo unipigie." Namba yake ya simu hajaibadilisha. Wapangaji wapya ni vijana, wanapokea vifurushi mchana kutwa, na kila mlango ule unapogongwa mimi nanyanyuka, naangalia dirishani, nakuta ni mtu wa vifurushi.

Mwaka huu nilimkuta stesheni ya Springfield, mchana, amekaa kwenye benchi la mabasi na sare yake ya kazi. Amepungua sana. Tulisalimiana, tukaulizana hali, na hakuna hata mmoja aliyerefusha salamu. Aliniambia kwamba jalada limepewa mpelelezi mpya, msichana mdogo, mwenye heshima, aliyempigia simu mwenyewe kujitambulisha. Hakuwa na habari yoyote ya Tunu. Jirani yangu alikuwa amemwomba kitu kimoja, apimwe tena. Alitaka akae kwenye mashine ile, kwenye swali la mama wa Tunu aeleze vilivyo, kuzaa na kulea, moyo utulie, halafu waulize lile kubwa.

"Akasemaje?"

"Amesema hawaitumii tena kwa wazazi. Amesema ilionekana haiaminiki."

Alisema hivyo bila ukali wowote, huku akiangalia linakotokea basi lake. Mimi nilikuwa na ukali wa kututosha wawili. Nikaanza kusema kwamba si Papa alisema tangu mwanzo haina akili, ile takataka ya mashine, ile mashine ya uongo, warudishe basi zile wiki walizopoteza wakimchimbia mchicha. Aliniwekea mkono gotini ninyamaze.

"Usiitukane," alisema.

Nikamuuliza kwa nini.

"Kila niliyemuuliza katika nchi hii ameniambia hakuna anayejua Tunu yuko wapi. Polisi hawajui. Shule hawajui. Baba yake hajui. Ile mashine peke yake ndiyo iliyosema yupo mtu anayejua, na mtu huyo ni mimi." Alikuwa ameshika mkanda wa mkoba wake kwa mikono yote miwili. "Basi mimi nikikaa najipekua. Najiuliza alisema nini asubuhi ile, aliangalia wapi, ni jina gani aliwahi kutaja nikiwa nasuka sisikilizi. Pengine iliona kitu ndani yangu ambacho mimi sikioni. Wewe unaomba ionekane kwamba ilinisingizia. Mimi kila nikisali naomba iwe ilisema kweli. Naomba niwe nilidanganya."

Basi lake lilifika. Dereva alifungua mlango, akasubiri, naye akatia mkoba wake begani, akapanda.